Somo: Je, pete nyembamba itadumu? Tuipime pete ya Epsilon ya Uranus

Vipimo: umbali wa wastani kutoka kitovu cha sayari (a) km 51,149. Upana ni km 20 pete inapoikaribia Uranus na km 96 inapokuwa mbali, tuchukue 58. GM (kipimo cha mvutano wa Uranus) = 5.794 × 10⁶ km³/s².

Hatua ya 1. Muda wa mzunguko mmoja, T = 2π√(a³/GM), unatoa sekunde 30,190 hivi, yaani saa 8.4, au nyuzi 1,030 kwa siku. Ukipata chini ya sekunde moja, GM umeiweka kwa mita.

Hatua ya 2. Ukingo wa ndani hukimbia zaidi: 1.5 × (58/51,149) × 1,030 = nyuzi 1.75 kwa siku. Ndani ya siku 205 bonge lolote limeshatandazwa duara zima.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huruka. Uranus imebonyea kwenye ncha, hivyo njia ya kila chembe, iliyo duaradufu (mviringo uliorefuka), nayo hugeuka, nyuzi 1.36 kwa siku, ya ndani haraka kuliko ya nje. Tofauti: 3.5 × (58/51,149) × 1.36 = nyuzi 0.0054 kwa siku. Miaka 91 tu, kingo mbili zingeelekea pande kinyume na njia za chembe zingekatana. Hazikatani. Wanaastronomia Goldreich na Tremaine walieleza mwaka 1979 kwamba mvutano wa pete yenyewe ndio unaozifunga pamoja, mradi ukingo wa nje uwe na uduaradufu (kiasi cha kurefuka kwa njia) mkubwa kuliko wa ndani. Ndiyo sababu pete hupanuka ikiwa mbali na sayari.

Hatua ya 4. Tafuta miezi wachungaji, yaani miezi midogo inayozuia kingo za pete zisitanuke. Chombo cha anga Voyager 2 kiliwaona mwaka 1986: Cordelia ndani, Ophelia nje. Cordelia akizunguka mara 25, ukingo wa ndani huzunguka 24. Ukingo wa nje ukizunguka 14, Ophelia 13.

MASWALI

Mkuu, Ophelia yuko nje na ana mvutano. Mbona havuti chembe zitoke?
— Chembe ziko ndani yake, kwa hiyo humpita. Kila zikimpita, njia zao hupindapinda. Migongano huzima mapindo hayo, na mwishowe chembe zimepoteza momenta ya mzunguko (kiasi cha mwendo wao wa kuzunguka). Zikiipoteza, hushuka ndani. Pasipo migongano, uchungaji haupo.

Tukiwaondoa wachungaji, mvutano wa pete ukabaki?
— Umbo litashika, upana hautashika. Muda wa kutanuka ni takriban upana² ÷ mnato (ukinzani wa chembe zinapopitana). Kwa mnato wa 0.01 m²/s (nimeuchagua kwa mfano tu) ni miaka 10,700 hivi. Hapo upana uweke kwa mita, si kilomita.