Jua la Goma usilipime kwa joto

Ninashona nguo Birere, mtaa wa hapa Goma, na kofia za watoto wenye ualbino ndizo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mama akija kuchukua kofia, simwachi aondoke kabla sijamweleza kwamba hapa kwetu joto halikuambii chochote kuhusu jua. Tuko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mlima, hewa ya kuchuja mionzi inapungua: kila mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, huongezeka kwa kama asilimia 10. Upepo wa Ziwa Kivu unakupoza huku ngozi inaungua. Mawingu mepesi nayo hayazuii kitu cha maana.

Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mtoto akae ndani au chini ya mti wenye majani mazito. Kwetu ni kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mwezi wa tatu na wa tisa ndiyo mibaya zaidi, maana adhuhuri jua linakaa utosini. Ukimtuma mtoto soko la Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki wadogo wa sambaza, aende mapema. Maji hurudisha sehemu ya mionzi juu, ikampiga usoni chini ya kofia.

Kitambaa nakiinua mlangoni kwenye mwanga. Nikiona matundu kati ya nyuzi, nakiweka pembeni. Nataka kitenge kizito, kilichofumwa kwa kubana, cha rangi iliyokolea. Shati jembamba jeupe la pamba likilowa mvua linapitisha mionzi zaidi, kwa hiyo mvue, mpe kavu. Ukingo wa kofia ninaukata sentimita 8 kuzunguka kichwa chote. Kepi mimi sishoni kwa watoto hawa, kwani inaacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo vidonda vinapopenda kuanzia.

Krimu ya kinga ya jua iwe na SPF (namba ya nguvu ya kinga) 30 au zaidi, ipakwe nene, irudiwe kila saa mbili. Ni ghali, kama franga zinatosha kitu kimoja tu, nunua kofia na mikono mirefu. Mafuta ya mgando yanalainisha ngozi, hayaikingi. Na sisi weusi tunaojipaka mafuta ya kung'arisha tunajivua kinga tuliyozaliwa nayo. Inaniuma kuona wasichana wanavyoyagombania.

Ukimwogesha mtoto, mkague masikio, midomo na mgongo wa mikono. Kidonda kilichomaliza mwezi bila kupona, hata kama hakimuumi, mpeleke kwa daktari wiki hiyohiyo.