Aqua ya mtumba: namna ya kuishi nayo Dar bila kupigwa na mafundi

Ngoja nianze na siti ya nyuma, maana kila mtu akinunua haibridi (gari la petroli na umeme pamoja) anakimbilia boneti, anafungua, anatikisa kichwa kama anaelewa, anafunga. Wakuu, kwenye Toyota Aqua betri kubwa haiko mbele, iko chini ya siti ya nyuma, na ile ndogo ya volti 12 nayo iko hukohuko. Betri kubwa ina feni yake inayovuta hewa ya humuhumu ndani, hiyo hiyo unayopumua wewe, inaipitisha kwenye betri ipoe halafu inaitoa. Tundu la kuvutia hewa liko chini hapo kwenye siti ya nyuma, lina wavu wa plastiki. Sasa nenda kaangalie gari yako. Nakuhakikishia nusu yenu mmeshonesha kava za siti Kariakoo zile nene za ngozi feki na fundi wa kava kaziba tundu lote, au kuna turubai la mtoto, viatu, mfuko wa mkaa wa juzi, yaani betri imekabwa koo halafu ikifa tunasema haibridi ni magonjwa.

Joto ndiyo adui namba moja. Hizi Aqua za umbo la kwanza, NHP10, zilizoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, zina betri za nikeli, vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja vimeunganishwa mstari mmoja unapata volti 144. Kipande kimoja kikichoka vyote vinaburutwa, na vinavyochoka mapema mara nyingi ni vile vya katikati kwa sababu vyenyewe hewa haivipozi vizuri. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla hujawaza oili wala tairi ni kukata kava pale kwenye tundu, kisha umtafute mtu anayejua akufungulie feni aisafishe. Vumbi la Goba na Kinyerezi linaingia hadi kwenye mapanga ya feni linaganda kama sufi, ya kwangu ilivyofunguliwa ilitoka nywele, vumbi na ganda la pipi. Mimi nasafisha mara moja kwa mwaka. Halafu Januari na Februari washa AC, usione unabana matumizi, ukikaa na vioo wazi kwenye jua la saa nane ile feni inavuta hewa ya moto inaipelekea betri, hapo umebana mafuta ya buku tano unaiunguza betri ya mamilioni.

Na vijana wa kuosha magari! Ukiwaambia "osha na ndani" wengine wanamwaga maji kabisa kwenye siti na kapeti wanasugua na brashi. Kwenye gari nyingine sawa, kwenye hii hapana kabisa. Vakyumu na kitambaa chenye unyevu basi. Mbele nako mpira wa presha usielekezwe kwenye lile boksi la bati lenye waya za rangi ya chungwa, ile ni inveta, inayogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota. Ukiona waya wa rangi ya chungwa popote kwenye hii gari jua ni umeme mkubwa, hata ukiwa umezima, na hata fundi anayejua kazi akishachomoa ile plagi ya usalama inayokata umeme mkubwa anasubiri dakika 10 ndiyo anagusa, akiingiza mkono hapohapo mwambie afunge boneti ukaondoke.

Sasa hii betri ndogo. Hapa ndipo watu wanapopigwa vibaya sana. Haibridi haina stata wala alternata, injini inachapwa na mota kwa umeme wa betri kubwa, betri ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Kwa hiyo ikichoka huwezi kusikia ule mlio wa "kr kr kr" tuliouzoea, unachoona ni dashibodi inawaka taa zote kama mti wa Krismasi, neno READY (yaani gari ipo tayari kwenda) halitokei, gia haitoki P. Mimi ilinikuta Mwenge jioni nimetoka sokoni, nikaitiwa fundi, akachungulia hakupima chochote akaniambia "dada yangu hii betri kubwa imekwenda, andaa milioni kadhaa, nina jamaa analeta." Nilikaa nje ya gari nimeshika mfuko wa nyanya nataka kulia. Shemeji yangu akaja na mita ya elfu kumi na tano, akapima betri ndogo ikasoma volti 10 na kidogo. Tukaboosti (tukaazima umeme wa betri nyingine), READY ikaja, tukaenda nyumbani. Kesho yake nikanunua betri ndogo na hadi leo ile kubwa ipo palepale.

Kwa hiyo nunua mita, iweke kwenye droo ya dashibodi. Gari ikiwa imelala usiku mzima betri ndogo isome 12.4 kwenda juu, ikiwa 12 kamili au chini anza kuchangisha pesa. Na usinunue betri yoyote ilimradi inaingia, hii inakaa ndani unakokaa wewe na watoto, inatakiwa ile iliyofungwa ya AGM yenye kimrija cha kutolea gesi nje. Kuboosti fungua boneti, kwenye boksi ya fyuzi pana sehemu yenye kifuniko, ndiyo pa waya chanya, hasi unabana kwenye chuma cha injini, sio lazima ung'oe siti. Usigeuze waya hata sekunde moja, ukigeuza unaunguza vitu ambavyo bei yake nikitaja hapa utafunga ukurasa. Na jirani akikuomba umboostie Land Cruiser yake mwambie pole, kibetri hiki hakiwezi.

Ya foleni. Kimara mpaka Ubungo asubuhi unakuta mtu kasimama kaweka N "ili gari ipumzike". Kwenye haibridi hiyo ni kuitesa, ukiwa N betri kubwa haichajiwi hata kama injini inawaka, huku AC inakula umeme uleule, unakaa dakika ishirini unashangaa vijiti vya betri vimeisha. Acha kwenye D kanyaga breki, ukisimama sana weka P. Ile B iliyopo kwenye gia sio "Bata" wala sio ya mwendo kasi, ni ya mteremko mrefu. Ukishuka mlima wa Kitonga betri ikajaa, gari haina pa kupeleka umeme wa breki tena, hapo B inafanya injini ishikilie gari breki zisiungue. Mjini achana nayo, unapoteza umeme bure.

Na jifunze kukanyaga breki mapema na taratibu, hapo ndipo hii gari inaporudisha hela yako, mota inageuka dainamo inachaji. Ukija mbio ukakanyaga ghafla kama daladala, unatumia brekipedi za kawaida na umeme umeupoteza. Kule Japani walitangaza kilomita 35.4 kwa lita, sahau hiyo, ile ni ya maabara. Mimi Mbezi hadi Posta na AC napata 20 hadi 23, nikiwa na haraka 17. Ukipata chini ya 15 wakati wote kuna tatizo, angalia upepo wa tairi kwanza kabla hujaenda gereji, halafu filta ya hewa, halafu plagi za injini.

Brekipedi zinadumu mpaka unazisahau, na kuzisahau kwenyewe ndiyo tatizo, zile pini za kalipa (kile kishikio cha pedi) zinaota kutu na kung'ang'ania hasa kama unakaa karibu na bahari, Mbweni au Kigamboni. Kila mwaka zifunguliwe zipakwe grisi yake hata kama pedi zimejaa. Kutoa upepo kwenye breki kunahitaji mashine ya kuskani, sio wa kukanyaga-kanyaga "pampu, pampu, shikilia" peke yake.

Vimiminika, hapa ndipo mafundi wanaleta mazoea ya kwenye Corolla ya baba. Oili ya injini ni 0W-20, kama lita 3.7 na filta. Wakikuwekea 20W-50 eti "gari imechoka inataka oili nzito" kataa, injini hii inawaka na kuzima mara mia kwa siku, inataka oili inayofika juu haraka. Mimi namwaga kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi na foleni. Gia boksi sasa: imeandikwa CVT (gia boksi ya mkanda), fundi anakimbilia kununua oili ya CVT, kosa! Ndani hamna mkanda wowote, ni gia na mota mbili, inatumia oili ya ATF WS. Simama dukani Shaurimoyo usome kopo mwenyewe. (Mwenye Honda Fit GP5 au Honda Vezel ya haibridi ya umbo la kwanza usinisikilize kwenye hili, gia zako ni za klachi mbili spidi 7, ni kitu kingine kabisa.) Kulanti (maji ya kupozea) ziko chupa mbili, ya injini na ya inveta, zote ile ya pinki, na maji ya bomba marufuku hata kidogo kidogo. Gari ikiwa READY fungua kifuniko cha chupa ya inveta uchungulie, maji yakiwa yanachezacheza pampu ipo hai, yakitulia tuli kama chai iliyosahaulika, pampu imekufa, usiendeshe kwenda mbali.

AC ikipungua ubaridi usikubali yule jamaa wa barabarani wa "gesi elfu thelathini". Kompresa ya Aqua inaendeshwa na umeme mkubwa, oili yake ni ND-11, wakikuchomekea gesi iliyochanganywa na oili ya kawaida ya PAG, ile oili inapitisha umeme, gari inaanza kuleta kodi (namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari) ya kuvuja umeme, P0AA6, na inaweza kugoma kabisa kuwaka. Muulize kabla hajagusa: unaweka oili gani? Akijibu "zote sawa tu" mshukuru uondoke.

Kitu kingine, fundi atataka injini iwake mfululizo aisikilize na yenyewe inazima, atakwambia mbovu. Kuna namna. Bonyeza pawa mara mbili bila kukanyaga breki, ukiwa P kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili, weka N kanyaga mara mbili, rudisha P mara mbili tena, yote ndani ya dakika moja, kisha kanyaga breki uwashe. Injini itawaka haitazima. Akimaliza zima, usiendeshe gari ikiwa hivyo, utaharibu gia boksi. Hii imenipa heshima gereji, siku hizi wananiita injinia.

Nunua pia kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth kinachosoma kompyuta ya gari, unachomeka chini ya usukani, unapakua Dr. Prius au Hybrid Assistant kwenye simu. Utaona volti za betri kwa mafungu ya vile vipande. Panda mlima kidogo na AC imewashwa, mafungu yote yanatakiwa kushuka na kupanda pamoja kama kwaya, fungu moja likizama peke yake volti nzima au zaidi chini ya wenzake, hapo kweli betri imeanza. Kodi ya P0A80, ile ya betri kubwa kuchoka, ikija na picha hiyo umeiona, sawa, andaa hela. Ikija bila wewe kuona chochote, pima tena kwingine. Na ukinunua gari ya mtu, namba D (ya usajili wa hapa Tanzania) iliyokaa mjini miaka, nenda na hicho kidude, muuzaji akikataa kisichomekwe umeshapata jibu. Kuhusu wanaobadilisha kipande kimoja kilichokufa tu: inakutoa kwa miezi, vingine vilivyozeeka navyo vinafuata kimoja kimoja, kama ni ya kuuza haraka sawa, kama unakaa nayo jichange ubadilishe yote.

Mafuta usiache yaishe. Najua taa ikiwaka unasema si kuna umeme, utanifikisha sheli. Itakusogeza kweli, kilomita moja au mbili, halafu betri kubwa ikiisha kabisa hakuna kitu cha kuichapa injini hata ukileta dumu la wese, na kuichaji betri hiyo sio chaja ya betri ya kawaida.

Mvua za masika Jangwani pakijaa, geuza. Aqua iko chini sana, sentimita 14 tu kutoka ardhini, na betri umeshajua iko wapi. Yule wa Noah anayepita mbele yako na mawimbi sio kipimo.

Mwisho ni wale mnaopanda basi kwenda Moshi Desemba mnaiacha gari wiki tatu. Chomoa hasi ya betri ndogo kabla hujaondoka, au mwachie mtu ufunguo aiweke READY nusu saa kila wiki, iwe READY kweli na sio redio tu. Mwaka juzi nilimwachia mdogo wangu maelekezo hayo hayo, nikarudi nikakuta kilomita 640 zimeongezeka na betri ndogo imekufa vilevile.