Rekodi za matengenezo ya ndege: andika palepale, usisubiri jioni

Madogo mnaoanza kazi kwenye ndege ndogo huku Mtwara na Lindi, ukishafunga spea andika hapohapo. Logibuku (vitabu vya kumbukumbu za ndege) ziko tatu, ya bodi, ya injini na ya propela, na hazichanganywi, maana injini inaweza kutolewa leo ikaenda kufungwa kwenye ndege nyingine kabisa na lazima iondoke na historia yake.

Kabla ya kufunga shika cheti cha spea, iwe Fomu 1 ya EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya) au 8130-3 ya FAA (ya Marekani), linganisha siriali namba na ile iliyogongwa kwenye spea yenyewe. Zikitofautiana hata herufi moja irudi stoo.

Kwenye kuandika: tarehe, saa za ndege, idadi ya kutua, tatizo, ulichofanya, mwongozo uliofuata na toleo lake, jina, namba ya leseni, sahihi. Usiandike "breki imetengenezwa" ukaishia hapo, atakayekuja baada yako ataelewa nini? Andika "breki ya kushoto ilivuja, imetolewa siriali namba hii, imefungwa hii, mwongozo sura ya 32, imejaribiwa, haivuji". Ukikosea piga mstari mmoja tu ili ya chini yasomeke, saini pembeni na tarehe. Tipeksi hapana kabisa jamani.

Penye kazi kubwa ni spea zenye ukomo wa matumizi. Injini ya PT6A-114A ya ndege ya Cessna Caravan kwa kawaida inaenda ovaholi (kufunguliwa yote na kukarabatiwa) ikifika saa 3,600 ila diski zake za ndani zinahesabiwa kwa saiko, yaani mzunguko mmoja wa kuwasha, kuruka, kutua na kuzima, na ndege yenye ruti fupi fupi za pwani kama Kilwa na Mafia inamaliza saiko wakati saa bado chache, kwa hiyo jaza vyote viwili kila siku. Diski yenye pengo kwenye historia haifungwi hata ing'ae vipi.

Chumvi ya bahari nayo inakula injini, kuosha kompresa (sehemu ya injini inayobana hewa) kuandikwe kila mara. Maagizo ya lazima ya usalama yawe na orodha yake: namba, lini limefanyika, lini linarudiwa, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) wakija kukagua ndo wanapoanzia.

Unyevu na mchwa huku havina huruma, makaratasi yakae kwenye kabati la chuma, skani kila ukurasa mpya na nakala ikae mji mwingine. Logibuku zisisafiri kwenye ndege yake yenyewe, inayopanda ni teklogi tu (daftari la kila safari na hitilafu zake).