Leseni ya biashara Unguja na Pemba: anza na mlango, malizia na risiti

Mtu anafika ofisi za baraza la mji na pesa ya ada mfukoni, anarudi bila leseni. Kinachomrudisha mara nyingi ni karatasi zake mwenyewe. Kitambulisho cha Mzanzibari kimeandikwa Khamis, NIDA na TIN (namba ya mlipakodi) zimeandikwa Hamisi, na mkataba wa mlango, yaani wa kukodi pahala pa duka, uko kwa jina la shemeji yake. Karani hana namna ya kujua kama hao ni mtu mmoja au watatu. Mohammed yenye m mbili katikati na Mohamed yenye moja, Salum na Salim, ndizo herufi zinazopoteza wiki. Basi siku ya kwanza weka vitambulisho vyote mezani, soma majina matatu herufi kwa herufi, na kama yanapishana yarekebishe kabla ya kufungua faili popote. Ukishindwa kusubiri marekebisho, kula kiapo kwa wakili, lakini hicho ni kiraka na utaendelea kukitoa kila ofisi.

Leseni inabeba mambo matatu: nani, wapi na biashara gani. Kikibadilika kimoja, leseni uliyonayo haikufai tena.

Kabla ya kulipa kilemba (pesa ya kuachiwa mlango)

Leseni ya biashara ya kawaida, kama duka la nguo, saluni, vifaa vya ujenzi au mgahawa, hutolewa na serikali ya mtaa ya pale mlango ulipo. Mjini Unguja kuna manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Kisiwani Pemba, miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani ina mabaraza ya miji. Mipaka hii haionekani barabarani. Aliyekuwa na duka Amani akahamia Mwanakwerekwe ameshatoka manispaa ya Mjini na kuingia Magharibi B, na leseni yake ya zamani haiendi naye.

Kwa hiyo nenda kwa sheha (kiongozi wa eneo) wa shehia ya duka, siyo wa shehia unayolala. Mwambie biashara unayotaka kufanya, na umuulize kama pahala hapo panaruhusiwa. Karakana ya kuchomea vyuma iliyobanana na nyumba za watu, au jiko la mkaa lililo chini ya dirisha la jirani, huleta malalamiko hata kama karatasi zako zimekamilika. Barua ya sheha iandikwe jina lako kamili, aina ya biashara na pahala penyewe. "Namtambulisha mkaazi wangu" peke yake haitoshi.

Mji Mkongwe una la ziada. Ukitaka kutoboa ukuta, kubadilisha mlango au kutundika bango, kwanza pata ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Eneo hilo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bango kubwa la plastiki linalowaka usiku ndilo la mwanzo kuamriwa lishushwe.

Haya yote yafanywe kabla kilemba hakijatoka mkononi. Kilemba hakirudi. Mkataba wa mlango uandikwe kwa jina lile lile litakalokuwa kwenye leseni, utaje matumizi ya mlango, na mwenye nyumba asaini mwenyewe au aonyeshe barua ya uwakala.

Jina, TIN na namba ya Z

Usajili wa jina la biashara au kampuni hufanywa BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. BRELA, wakala wa usajili wa aina hiyo, ni ya Tanzania Bara. Aliyesajili kampuni Dar es Salaam akataka kufungua tawi Chake Chake lazima aisajili BPRA pia, na leseni yake ya Kariakoo haimsaidii kitu huku. Shahada ya usajili nayo si leseni: inaonyesha jina ni la nani, haikupi ruhusa ya kuuza hata sabuni. Wapo wanaoitia kwenye fremu, wakaitundika ukutani, wakaamini wamemaliza.

Kodi zina milango miwili, na hapa wageni wa biashara huchanganyikiwa. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ni ya Muungano: inatoa TIN na kukusanya kodi ya mapato. ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo zamani ilikuwa ZRB, inasimamia kodi za Zanzibar, ikiwemo VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ambayo kwa bidhaa na huduma nyingi ni asilimia 15. Bara kiwango cha kawaida ni 18, kwa hiyo usinakili mahesabu ya mwenzako wa Tanga. ZRA nayo inakupa namba yake, ndiyo namba ya Z. Kuwa na TIN hakukuondolei wajibu wa kujisajili ZRA, wala kujisajili ZRA hakukuondolei wajibu wa TRA.

Vibali vinavyotangulia leseni

Duka la vitambaa halina mengi hapa. Chakula ndicho chenye kazi. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) na bwana afya huja kuangalia pahala penyewe, na wanachoangalia kinajulikana: maji yanayotiririka ya kunawa mikono, yaliyo mbali na sinki la vyombo, ukuta wa jikoni unaooshika, wenye vigae au rangi ya mafuta, dari isiyodondosha vumbi, wavu madirishani, pipa lenye kifuniko, choo ambacho mlango wake haufungukii jikoni. Hilo la mwisho ndilo ghali zaidi kurekebisha, kwa sababu linataka kuvunja ukuta. Liangalie siku ya kwanza unapoonyeshwa mlango. Wapishi na wahudumu wapimwe afya, na vyeti viwekwe dukani badala ya nyumbani kwa mwenye biashara. Kwenye mahesabu yako toa pia mwezi wa Ramadhani, kwani leseni ya mgahawa hairuhusu kulisha watu hadharani mchana wa mwezi huo.

Nyumba ya kulaza wageni, hata ya vyumba viwili Jambiani, pamoja na kutembeza watalii, hupitia Kamisheni ya Utalii. Dawa na vipodozi ni ZFDA.

Siku ya kupeleka maombi

Peleka nakala, lakini nenda na asili zake: kitambulisho, barua ya sheha, mkataba, shahada ya BPRA, TIN, usajili wa ZRA, na kibali maalumu kama kipo. Kwenye sehemu ya aina ya biashara andika kwa ukamilifu. Ukiandika "duka" kisha mkaguzi akakuta friji la samaki na mashine ya kutolea nakala, umefanya biashara mbili usizoziombea. Mlango wa pili unataka leseni ya pili, hata kama uko ng'ambo ya barabara.

Malipo hufanywa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Kabla ya kuthibitisha, soma jina la taasisi linalotokea kwenye kioo cha simu. Anayekwambia umtumie yeye "akulipie haraka" umkatalie, kwani pesa isiyopita kwenye namba ya malipo haionekani kwenye mfumo na utaambiwa hujalipa.

Leseni ikitoka, isome ukiwa bado dirishani: majina, shehia, biashara, tarehe ya mwisho. Kosa la chapa ni rahisi kusahihishwa saa ile ile. Ibandike dukani panapoonekana, na tarehe ya mwisho iandike kwenye simu ikukumbushe mwezi mmoja kabla. Faini ya kuchelewa huja juu ya ada, haiingii ndani yake.

Baada ya hapo kazi ni ya kila siku. Toa risiti ya kielektroniki ya ZRA kwa kila mauzo. Kwa TRA, kodi ya mapato ya mfanyabiashara binafsi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba.

Na ukifunga duka, usishushe bango ukanyamaza. Andika barua baraza, ZRA na TRA, kila moja yake, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila ya hiyo, mlango ulioufunga utaendelea kudaiwa kwa jina lako, na utalijua hilo siku utakayoomba leseni nyingine.