Kwenda Donousa kwa meli bila wakala: anza kupanga na siku ya kurudi

Watu wengi wakifika Ugiriki wanaishia Santorini na Mykonos kwa sababu ndege inatua hapohapo na picha zake kila mtu keshaziona. Sasa kama unataka kisiwa kidogo kweli, kisicho na uwanja wa ndege kabisa, meli tu basi, angalia Donousa. Kiko mashariki ya kisiwa cha Naxos, wakazi wake kama mia mbili hivi, bandari yao ni kijiji kinaitwa Stavros na ufukwe wa Kedros unaufikia kwa miguu. Njia ni karibu ileile ya visiwa vya Iraklia, Schoinoussa, Koufonisia na Amorgos, kwa hiyo hata ukibadili mawazo katikati haya maelezo bado yatakufaa.

Kitu cha kwanza, usianze na tarehe ya kwenda. Anza na ndege ya kurudi nyumbani kutoka Athens. Iandike, halafu rudi nyuma: usiku wa mwisho unalala Athens au Piraeus, bandari ya Athens, sio kisiwani, yaani hata rumu ya kule iwe nzuri vipi. Kabla ya usiku huo ndio unatafuta meli ya kutoka Donousa, na kwa sababu haipo kila siku ya moja kwa moja mpaka Piraeus, hiyo meli ndio itakuambia unakaa siku ngapi, wewe huchagui sana. Ukishaiona ndio unatafuta ya kwenda, na chumba kinakuja mwisho. Watu wanafanya kinyume, wanalipia chumba siku saba kwanza halafu wanagundua siku ya kuondoka hakuna meli.

Njia ziko mbili. Moja, meli kubwa kutoka Piraeus inayopita Paros na Naxos halafu inaendelea visiwa vidogo, kampuni ya Blue Star wanaipiga hiyo route siku kadhaa kwa wiki, ni safari ndefu na mara nyingi unashushwa Donousa usiku mnene. Mbili, unachukua meli yoyote mpaka Naxos, hizo zipo nyingi kila siku, unalala pale usiku mmoja halafu unapanda Express Skopelitis, kameli kadogo kanakozunguka visiwa hivi vyote mpaka Amorgos. Mimi napendelea hii ya pili kwa wakati wa kwenda, Naxos yenyewe ina raha yake na unafika Donousa jua lipo. Ila hakikisha siku hiyo inagusa Donousa kweli maana kuna siku inakiruka. Kurudi, chukua ile kubwa ya moja kwa moja kama tarehe zinakubali.

Ratiba za kiangazi hazitoki zote mapema. Ukitafuta mwezi wa kwanza safari ya mwezi wa saba ukakuta patupu usishtuke, hawajapakia bado, rudi tena baadaye. Kwa kutafuta, tovuti ya Ferryhopper inakuonyesha kampuni nyingi kwa pamoja, halafu kalinganishe na tovuti ya kampuni yenyewe. Boti za kasi bei yake inaweza kukaribia mara mbili ya meli ya kawaida, na unakaa ndani umefungiwa kama kwenye ndege, wakati meli ya kawaida unakaa nje juu unapigwa na upepo na unaona visiwa vikipita. Kwa tiketi ya kawaida huna namba ya kiti, unakaa utakapopata. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria, Wagiriki wote wanarudi visiwani, tiketi zinaisha, na Pasaka yao ya Kiorthodoksi hivyohivyo.

Kwenye saa tulia kabisa. Tiketi inaandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi na 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, hapo wengi wako sawa. Balaa liko kwenye 00:40 ya tarehe 6, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 6, yaani tarehe 5 usiku uwe umeshafika bandarini, ukija tarehe 6 usiku meli ilishaondoka jana yake. Na chumba nacho ubuku kuanzia tarehe 5 kama unafika usiku huo, umwandikie mwenye nyumba unakuja na meli ipi, wengi wanakuja kukupokea bandarini.

Viza: kwa paspoti za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani unahitaji ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba si zaidi ya miezi 6 kabla na si chini ya siku 15, na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Ukiwa na kibali cha kuishi nchi ya Schengen, mfano uko Ujerumani au Uholanzi, huhitaji nyingine. Uliyeko Dubai au Muscat kwa kibali cha kazi bado unaomba. Kwa maombi tumia booking za chumba ambazo unaweza kufuta bure.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, metro ya bluu inakwenda moja kwa moja mpaka Piraeus kama saa nzima hivi, au basi la X96 linalotembea usiku kucha, la bei ndogo zaidi. Kwenye metro begi likae mbele, vibaka wapo. Bandari ya Piraeus ni kubwa kupita unavyofikiria, mageti yana herufi E na namba, za Cyclades, kundi la visiwa ambalo Donousa imo, mara nyingi ni E6 na E7 ambazo ziko karibu na stesheni, lakini E1 ni mbali kwa miguu na mabegi, kwa hiyo angalia geti asubuhi ileile na fika saa nzima kabla ya meli kuondoka. Paspoti mkononi.

Ukipanda, begi kubwa unaliacha chini kule yanakoegeshwa magari, kuna rafu zimeandikwa jina la kila kisiwa. Donousa ni ΔΟΝΟΥΣΑ, ile pembetatu ndio D yao. Meli ikikaribia wanatangaza, shuka chini mapema usisubiri isimame, visiwa vidogo inatua dakika chache tu mlango unafungwa.

Sasa upepo. Mwezi wa 7 na 8, wakati kwetu pwani ni kusi, kule kunavuma meltemi kutoka kaskazini, jua linawaka anga haina wingu halafu bahari imechafuka. Ukizidi sana askari wa bandari wanazuia meli kutoka, wanaita apagoreftiko, boti za kasi zinasimama kwanza, kubwa zinavumilia zaidi. Safari ikifutwa hivyo unarudishiwa hela au unabadilishiwa bure, lakini chumba cha Athens na ndege hakuna atakayekulipa, ndio maana ya ule usiku wa ziada, na kwa mwezi wa nane mimi ningeweka mbili. Migomo ya mabaharia nayo ipo, tarehe 1 Mei kwa mfano usipange kusafiri kabisa. Kama tumbo lako halipatani na bahari, meza dawa kabla ya kupanda na kaa katikati ya meli, hasa Skopelitis, kanacheza kweli kale.

Kisiwani beba keshi ya kutosha na dawa zako zote, usitegemee kwamba utakuta kila kitu. Na siku moja kabla ya kuondoka, pita kwa wanaokata tiketi pale Stavros uulize kama meli ya kesho bado iko palepale na saa ileile, wao wanajua kabla simu yako haijapata meseji.