Namna ya Kukagua Vizuizi vya Zamani vya Mawe Yanayoporomoka Kwenye Barabara za Milimani

Mhandisi anayetoka Dar es Salaam kwenda kukagua nyavu na magabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) kwenye barabara ya milimani, tuseme ya Kitonga au ya Mombo kwenda Lushoto, aanzie juu ya mteremko, kwa sababu kizuizi kilichojengwa kuzuia mawe ya ukubwa wa ndoo hakitafaa kitu iwapo mwamba wa juu umepata nyufa mpya zinazoweza kuangusha mawe makubwa zaidi.

Kisha apime waya. Waya wa gabioni wenye kipenyo cha milimita 2.7 ukiliwa na kutu hadi kubaki milimita 2.4 huonekana bado mnene, ilhali umepoteza takribani asilimia 21 ya eneo lake la mkato. Ausugue kwanza kwa brashi ya chuma, hasa pale waya unapogusa udongo wenye unyevu, ambako zinki inayoukinga huisha mapema. Sisi wa Pwani, ambao mabati yetu huliwa na chumvi ya bahari, tunaijua kutu. Ila huko mlimani hujificha chini ya majani.

Nanga, yaani vyuma vilivyopachikwa mwambani kushikilia wavu, ndizo zinazodanganya zaidi: kichwa huweza kuwa safi huku chuma kikiwa kimeliwa pale kinapoingia mwambani, kwa hiyo baadhi zivutwe kwa jeki yenye geji ya kuonyesha nguvu ya mvuto badala ya kugongwa nyundo tu.

Mawe yaliyorundikana nyuma ya wavu yaondolewe, kwani wavu uliokwisha kubeba shehena hauna nafasi ya kutosha ya kupokea pigo jingine. Wakati wote wa kazi, mtu mmoja asimame akitazama juu.