Mambo ya kuzingatia kabla ya kubeba mimba ukiwa na mrija mmoja wa uzazi

Kabla ya vipimo vyovyote, kabla ya kuhesabu siku na kabla ya kumeza kidonge chochote, mwanamke aliyebaki na mrija mmoja wa uzazi anapaswa kuwa na karatasi moja mkononi, nayo ni ile aliyopewa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini baada ya upasuaji. Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi na ukunga kwenye kliniki ya wanawake, nimewapokea wengi walioamini kwamba walitolewa kizazi, au kwamba waliondolewa “upande mzima”, kwa sababu tu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Mmoja wao, dada wa miaka 29, alikuwa ameitunza karatasi yake kwa miaka 4 ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa, imekunjwa mpaka wino umefifia kwenye mikunjo. Iliandikwa kwa Kiingereza cha hospitali na kwa mwandiko wa haraka, kwamba mrija wa kulia umeondolewa. Na chini yake palikuwa na mstari ambao hakuna aliyewahi kumsomea, kwamba mrija wa kushoto na ovari zote mbili zilionekana hazina tatizo. Alinishika mkono, akaniomba niusome tena.

Iwapo karatasi imepotea, rudi hospitali uliyofanyiwa upasuaji na uombe kumbukumbu zako, na ukienda uwe na maswali haya: ni mrija wa upande gani, uliondolewa wote au ulichanwa na kuachwa, ovari ya upande huo ipo au haipo, mrija uliobaki ulionekanaje, na kundi langu la damu ni lipi. Hilo la mwisho wengi hawalifikirii, ilhali mwenye kundi la damu hasi ambaye mimba yake ilitunga nje ya kizazi anaweza kuhitaji sindano maalumu ya kumlinda mtoto wa mimba zijazo, na ni vyema ijulikane kama aliipata.

Baada ya hapo inafaa kuelewa mrija unafanyaje kazi, kwa sababu hofu nyingi hutokana na picha isiyo sahihi. Mrija wa uzazi una urefu wa takriban sentimita 10 hadi 12, na ncha yake ya nje ina matamvua laini kama ya mtandio, ambayo hulipapasa na kulidaka yai linapotoka kwenye ovari. Ncha hiyo haikuunganishwa kabisa na ovari, na viungo hivi vyote hukaa karibu karibu nyuma ya kizazi, kiasi kwamba mrija wa kushoto unaweza kulipokea hata yai lililotoka ovari ya kulia. Zaidi ya hayo, ovari hazipokezani zamu kwa mpangilio thabiti wa mwezi huu kulia na mwezi ujao kushoto. Kwa hiyo ile kauli inayozunguka mitaani, kwamba mwenye mrija mmoja anaweza kushika mimba kila baada ya mwezi mmoja tu, haina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la tiba la The Lancet uliwafuatilia wanawake 446 ambao mimba ilitunga kwenye mrija mmoja huku mrija wa pili ukiwa mzima. Miongoni mwa walioondolewa mrija, takriban 56 katika kila 100 walishika mimba kwa njia ya kawaida ndani ya miaka 3, na tofauti kati yao na waliohifadhiwa mrija ilikuwa ndogo.

Zingatia maneno “mrija wa pili ukiwa mzima”, kwani hapo ndipo penye uzito. Mwanamke aliyeondolewa mrija kwa sababu ovari ilijisokota au kwa sababu ya uvimbe, na yule aliyezaliwa na mrija mmoja, mara nyingi wana mrija mwingine usio na kovu. Lakini ikiwa sababu ilikuwa mimba kutunga nje ya kizazi au usaha kwenye mirija, ni lazima kuuliza nini kilianzisha jambo hilo, maana maambukizi ya klamidia na kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, na hata kifua kikuu kinapofika kwenye via vya uzazi, kwa kawaida huigusa mirija yote miwili. Klamidia hasa hukaa mwilini kimya, bila usaha wala maumivu, huku ikiacha makovu. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba upimaji wa magonjwa ya zinaa ufanywe na wote wawili, na wakikutwa nayo watibiwe wote wawili kwa wakati mmoja na kumaliza dozi. Mke akitibiwa peke yake, atayapata tena kwa mumewe.

Hali ya mrija uliobaki huangaliwa kwa kipimo ambacho hospitalini hukiita HSG, yaani dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, kisha picha huonyesha kama inapita na kumwagika upande wa pili. Hufanywa hedhi ikishakauka na kabla yai halijatoka, na huleta maumivu kama ya hedhi kwa muda mfupi, hivyo nenda na mtu wa kurudi naye. Picha ikionyesha mrija umevimba na kujaa maji, usikate tamaa papo hapo lakini pia usiendelee kujaribu miezi na miezi kama vile hakuna kilichoonekana. Onana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, kwa kuwa maji hayo yanaweza kuzuia mimba, na hupunguza hata mafanikio ya upandikizaji, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kizazini.

Hapa siwezi kunyamaza kuhusu dawa za “kuzibua mirija” na “kusafisha kizazi” zinazouzwa kwa vichupa, majani ya chai na vidonge vya kuweka ukeni. Kovu lililoziba mrija haliyeyuki kwa kinywaji, na kuosha uke kwa ndani kwa dawa, sabuni au maji ya ndimu huvuruga kinga ya asili ya uke na kumweka mwanamke katika hatari zaidi ya maambukizi yale yale yaliyouharibu mrija wa kwanza. Inaniuma kuona fedha ambayo ingelipia HSG ikiishia huko. Sigara nayo iachwe, kwa sababu inadhoofisha vinyweleo vinavyolisukuma yai ndani ya mrija na kuongeza uwezekano wa mimba kutunga nje ya kizazi.

Mume apimwe mbegu mapema, kabla mke hajapelekwa kwenye vipimo vizito. Kipimo hicho ni rahisi, kinahitaji tu ajizuie na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, na si haki mwanamke kubeba lawama yote kwa sababu kovu lake linajulikana.

Kuhusu muda wa kuanza, uliyefanyiwa upasuaji subiri mpaka daktari aridhike, na kwa kawaida hushauriwa angalau hedhi mbili zipite. Uliyetibiwa kwa sindano ya methotrexate, ile ya kuisimamisha mimba iliyotunga nje ya kizazi bila upasuaji, subiri kwa uchache miezi 3, kwa sababu dawa hiyo huzuia kazi ya asidi ya foliki, ambayo mtoto huihitaji katika wiki za mwanzo kabisa. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kujaribu, na wenye kisukari, kifafa au selimundu waulize kama wanahitaji kiwango kikubwa zaidi. Pima pia wingi wa damu, shinikizo la damu, sukari na VVU. Na ikiwa moyo bado una majonzi ya mimba iliyopotea, kusubiri miezi kadhaa zaidi si kosa.

Siku ambazo mtaani huitwa siku za hatari ndizo unazozitafuta. Yai huishi saa 12 hadi 24, mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 ahesabie karibu na siku ya 14, na mwenye siku 32 karibu na ya 18. Kukutana kila baada ya siku mbili katika kipindi hicho kunatosha. Ukiwa chini ya miaka 35 mwaka mmoja wa kujaribu ni wa kawaida, na kuanzia miaka 35 ni miezi 6, ila kwako mwenye historia ya mrija si lazima usubiri muda huo uishe ndipo umwone daktari. Njia ikiwa imefungwa kabisa, upandikizaji ulibuniwa kwa ajili ya hali hiyo hasa: Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo, tarehe 25 Julai 1978 mjini Oldham, Uingereza, mama yake alikuwa na mirija iliyoziba.

Maandalizi yanayosahauliwa kuliko yote ni ya wiki za mwanzo baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili. Kwetu mimba changa haitangazwi, na wengi hungoja mwezi wa tatu ndipo waende kliniki. Aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi hana nafasi ya kungoja hivyo, kwani takriban 1 kati ya 10 hupatwa tena, na kipimo cha mkojo hakisemi mimba imekaa wapi. Pima mara tu hedhi inapochelewa, kisha ufanye ultrasaundi katika wiki ya 6 hadi ya 7, ikiwezekana ile ya kupitia ukeni. Isipoonekana kitu, damu hupimwa homoni ya mimba na kurudiwa baada ya saa 48. Kama kituo cha karibu hakina kifaa hicho, panga tangu sasa utakwenda mji gani, kwa nauli ipi, na utalala kwa nani.

Mtu mmoja angalau ajue siri yako na ajue dalili: maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, damu kidogo kidogo, kizunguzungu au kuzirai, na maumivu ya ncha ya bega, ambayo huja kwa sababu damu iliyovujia tumboni inausumbua msuli wa kupumulia. Dalili hizo hazisubiri asubuhi. Weka fedha ya gari kwenye simu, jua ni hospitali ipi yenye chumba cha upasuaji usiku, na zungumza mapema na ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.

Ultrasaundi ikishaonyesha mimba ndani ya kizazi na moyo unadunda, kliniki huendelea kama kwa mjamzito mwingine, na mrija mmoja pekee si sababu ya kujifungua kwa upasuaji. Walio tofauti ni wale ambao mimba ya kwanza ilitunga kwenye kona ambapo mrija unaingia kizazini, wakakatwa sehemu ya ukuta wa kizazi. Kovu hilo linaweza kuachia wakati wa uchungu, na daktari anapaswa kulijua miezi kadhaa kabla. Nalo limeandikwa kwenye karatasi ile ile.